Pori la Kofia na Mbao

Sheria ya Marekani ya mwaka 1964 inaeleza pori kuwa mahali ambapo binadamu ni mpita njia, hafanyi makao. Boundary Waters, kaskazini mwa jimbo la Minnesota, liliingizwa katika sheria hiyo tangu siku ya kwanza: maziwa zaidi ya 1,000 katika eneo la karibu kilomita za mraba 4,400, likipakana na hifadhi ya Quetico upande wa Kanada. Mtu huingia kwa kupiga kasia, na ziwa likimwishia hujitwika mtumbwi mabegani akatembea hadi ziwa jingine. Uzuri wake haubishaniwi. Kinachobishaniwa ni hicho kisa cha upita njia, kwa sababu kijia anachokikanyaga mgeni kilifanywa na watu waliokuwa kazini, na wengine waliokuwa kwao.

Hao wa pili ni Waojibwe. Mtumbwi uliolifungua eneo hili ulitokana na ufundi wao: gome la mti wa betula, mbavu za mwerezi, mishono ya mizizi, viungo vikazibwa kwa utomvu. Ulikuwa mwepesi kiasi cha kubebeka, na ukitoboka mwambani, dawa yake ilikuwa imeota ufukweni. Katika maziwa haya haya walivuna mpunga wa mwitu, wakiinamisha mashuke na kuyapiga kwa vijiti ili punje ziangukie chomboni, na wazao wao wanauvuna hadi leo.

Kilichowaleta Wazungu ni kofia. Biva, mgugunaji wa majini anayejenga mabwawa kwa miti, ana manyoya laini ya chini yenye vijimiba vinavyoshikana yakipondwa, na felti yake haikuwa na mshindani. Wa Ulaya walikuwa wamewindwa karibu kumalizika, hivyo wafanyabiashara wakageukia Amerika. Kwa muda mrefu ngozi iliyotafutwa zaidi ilikuwa iliyokwisha kuvaliwa: wenyeji walipoivaa msimu mzima, joto na mafuta ya mwili yaliyatoa yale manyoya magumu ya juu, mtengeneza kofia akaokolewa kazi. Kwa hiyo bwana wa Paris alijivika kichwani joho kuukuu la mtu asiyemjua.

Mfaransa wa Kanada La Vérendrye alitia nanga Grand Portage, ufukweni mwa Ziwa Superior, mwaka 1731. Nusu karne baadaye mahali hapo palikuwa kitovu cha Kampuni ya North West ya Montreal. Jiografia ndiyo iliyopachagua. Mto Pigeon una maporomoko yasiyopitika karibu na mlango wake, na njia ya kuyakwepa ni mwendo wa karibu kilomita 14, kupanda na kushuka, katika tope na mbu. Kila Julai mitumbwi mikubwa ya mita 11 ilifika kutoka Montreal na bidhaa, ile midogo ikateremka kutoka bara na ngozi, na shehena zote zikavushwa kwa migongo ya watu. Robota moja lilikuwa na uzito wa kilo 40 hivi. Kibarua alibeba mawili kwa safari, uzito ukining'inia kwenye mkanda uliopita katika paji la uso. Wengi wao walikuwa vijana wa vijiji vya Quebec waliofungwa na mikataba na madeni, ingawa picha za siku hizi huwaonyesha wakiimba tu.

Msomaji anayekumbuka wapagazi wa Kinyamwezi wa njia ya Bagamoyo haoni ugeni hapa. Hata shanga zilikuwa ndugu: vioo vya Venice vilinunua ngozi huku na pembe za ndovu kule.

Waafrika nao walikuwemo. Jean Bonga alikuwa mtumwa wa afisa wa Kiingereza kwenye kisiwa cha Mackinac. Mwanawe Pierre akaingia katika biashara ya ngozi. Mjukuu wake George, aliyezaliwa karibu mwaka 1802 kwa mama Mwojibwe, akasoma Montreal, akawa mfanyabiashara na mkalimani mwenye kuheshimika kote Minnesota. Njia zile zile za maji zilizopitisha ngozi zilisafirisha pia ndui. Mlipuko wa 1781 na 1782 uliteketeza jamii nyingi za kaskazini-magharibi.

Biashara ndiyo iliyochora mpaka. Mkataba wa 1783 ulipotenga Marekani na milki ya Uingereza, waandishi wake walifuata njia ya maji kuelekea magharibi, na Grand Portage ikaangukia Marekani. Kampuni ikahama mwanzoni mwa karne ya 19. Mkataba wa 1842 ulipoukaza mpaka, uliacha njia za kubebea mizigo wazi kwa raia wa pande zote mbili. Kufikia wakati huo hariri ilikuwa inaipiku felti.

Kisha likaja shoka. Waojibwe waliiachia serikali ardhi ya kaskazini-mashariki kwa mkataba wa 1854, wakibakiza haki ya kuwinda na kuvua, na reli ilipofika, misonobari myeupe mikubwa ikaanza kuanguka. Kazi ilifanywa majira ya baridi. Usiku barabara zilinyunyiziwa maji yagande, asubuhi farasi wakavuta sleji zilizorundikwa magogo juu ya barafu. Kiwanda cha mji wa Virginia humo Minnesota, kilichosifiwa kuwa kikubwa kuliko vyote duniani kwa mbao za msonobari mweupe, kilifungwa mwaka 1929. Miti mikubwa ilikuwa imekwisha. Masalio ya matawi makavu yalikuwa kuni za majanga: moto wa Cloquet wa Oktoba 1918, ulioanzishwa na cheche za reli, uliua watu zaidi ya 450.

Mfanyabiashara Edward Backus alipotaka kujenga mabwawa ambayo yangezamisha fukwe na visiwa, mtetezi wa pori Ernest Oberholtzer alimpinga, na sheria ya 1930 ikazuia kubadilisha vina vya maji. Ilizuia pia ukataji miti ufukweni, mita 120 hivi kutoka majini. Nyuma ya pazia hilo shoka liliendelea. Mpiga kasia wa miaka ya 1950 aliona msitu mzima kwa sababu sheria ilipima upeo wa macho yake. Ukataji ulikomeshwa mwaka 1978.

Kulipata pori kulihitaji kuwaondoa watu. Nyumba za wageni zilinunuliwa na kubomolewa. Dorothy Molter, muuguzi aliyehamia kisiwani katika Ziwa Knife na kuwauzia wapiga kasia soda aliyoitengeneza mwenyewe, aliruhusiwa kubaki hadi kifo chake mwaka 1986. Vibanda vyake vikafumuliwa gogo kwa gogo, vikasimamishwa upya mjini Ely, na sasa ni makumbusho.

Grand Portage imeshika njia nyingine. Waojibwe wa hapo walitoa ardhi yao ili ngome ya wafanyabiashara ihifadhiwe, na tangu mwaka 1999 wanaiendesha pamoja na idara ya hifadhi za taifa. Kila Agosti mkutano wa zamani wa ngozi huigizwa humo, na jirani yake ngoma za Waojibwe wenyewe hulia, ambazo haziigizi chochote.