Mtani wa Jadi

Magazeti yetu yanapozitaja Simba na Yanga, huziita watani wa jadi. Lugha imeona mbali. Yanga ilianzishwa mwaka 1935, na mwaka uliofuata baadhi ya wanachama wake wakajitenga na kuunda klabu ambayo leo ni Simba. Mahasimu hawa, basi, ni matawi ya shina moja.

Unguja tuna mfano ulio mkongwe zaidi. Huko Makunduchi, kila Julai, Mwaka Kogwa hufungua mwaka mpya wa jadi, wenye asili ya Nairuzi ya Waajemi. Wanaume wa kusini hukabiliana na wa kaskazini, wakipigana kwa mapande ya migomba. Wanawake, katika nguo zao za fahari, huzunguka wakiimba. Kisha kibanda cha makuti hutiwa moto, na watu hurejea majumbani kula. Mwenye nyumba asiyepata mgeni siku hiyo huhuzunika.

Tuutazame mpango huo. Pigo lina siku yake, silaha yake na mwisho wake. Kinyongo cha mwaka mzima hutolewa hadharani, kikaachwa uwanjani. Ushindani huwa na maana pale kila upande unapomhitaji mwenzake: kusini pasipo kaskazini, Makunduchi haina mwaka.

Siku hizi watalii na kamera hujaa pale uwanjani. Mgeni kutazama si vibaya. Ila siku pande hizo zitakapopigana kwa ajili ya kutazamwa tu, pasipo la kusameheana, tutabaki na mchezo, mwaka umetuponyoka.