Ubainishaji wa Hitilafu

Usiku mmoja wa masika kompyuta yetu ya mezani ilikataa kuonyesha picha. Feni inazunguka, taa ya mbele inawaka, skrini nyeusi tii. "Mjomba, imekufa," akasema mpwa wangu. Fundi niliyempigia simu naye, hata hajaiona, akasema madabodi imeungua.

Kazi iliyotukabili mafundi wengi huiita trabolshuting, na kwenye programu za Kiswahili utaikuta kama "utatuzi wa matatizo". Utatuzi haunitoshi. Kutatua ni kufungua kilichotatizika, na anayefungua fundo keshaliona liko wapi. Sisi fundo lenyewe hatukulijua.

Ndiyo maana nashikilia ubainishaji wa hitilafu. Neno "ubovu" humhukumu mgonjwa kabla hajapimwa. Hitilafu ina subira zaidi: asili yake ni Kiarabu, na ndani yake mna kutofautiana, kama tunavyosema ndugu wamehitilafiana. Mashine yenye hitilafu imeachana na kawaida yake, basi. Imeachana wapi, bado hatujasema. Na kubainisha ni jamaa wa "baina". Anayebainisha husimama baina ya kizima na kisicho kizima, akavitenga mpaka kila kimoja kionekane.

Tulichomoa waya wa umeme, nikagusa chuma cha kasha ili umeme tuli wa mwilini usiunguze kitu. Ndani mlikuwa na vijiti viwili vya ramu. Tukavitoa vyote, tukarudisha waya, tukawasha: bipu, bipu, bipu. Nilifurahi kuliko mpwa wangu alivyoelewa. Kompyuta ikiwashwa hujikagua yenyewe kwanza, na ikikosa ramu hulia kwa spika yake ndogo, ikiwa inayo. Madabodi iliyoungua ingelia vipi?

Tukarudisha kijiti kimoja: giza. Tukakitoa, tukaweka cha pili kwenye sloti nyingine: picha! Lakini hapo bado kuna washukiwa wawili, kijiti cha kwanza na sloti yake. Tukakihamishia kile cha kwanza kwenye sloti iliyokwisha kutoa picha. Giza tena. Sasa imebainika: ni kijiti. Nikakiinua kwenye mwanga wa tochi; meno yake ya rangi ya dhahabu yalikuwa yamefifia, na mengine yana ukungu mweusi. Mpwa wangu akayasugua polepole kwa raba ya penseli, akapangusa vumbi la raba, akakibana hadi vishikizo vikalia ta! Picha ikaja.

Hatua ni hizo hizo hata dalili ikiwa nyingine. Saa ikirudi miaka nyuma kila umeme unapozimwa, anza na betri bapa ya CR2032; ikiwa mpya hutoa takriban volti 3. Mashine ikijizima yenyewe, tazama vumbi kwenye feni, kisha pima pawa saplai kwa mita: waya wa volti 12 unaruhusiwa kucheza kati ya 11.4 na 12.6. Pima kwenye plagi zake tu. Kasha la pawa saplai lenyewe usilifungue kamwe, kwani kapasita zake hubaki na umeme wa kudhuru hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Kijiti kile tumekibandika kipande cha plasta chenye tarehe. Giza likirudi, tutaanza nacho.