Daftari la Mweka Hazina

Baba alikuwa mweka hazina wa kamati ya shule, na daftari lake ninalo mpaka leo. Jalada limeliwa na mende, ila wino unasomeka: mkungu wa ndizi, kikapu cha njegere, jogoo. Jogoo huyo aliuzwa mara nne mchana mmoja, kwa kuwa kila aliyemnunua alimrudisha mezani apigwe mnada tena. Nilikuwepo. Kwa wasio na kitu, Baba aliandika idadi ya siku walizobeba mawe.

Ilikuwa 1969, Taita, upande wa Wundanyi. Kenyatta alikuwa amelifanya neno harambee kuwa wito wa taifa tangu 1963, japo wazee wetu walijua kuchangiana kabla ya hapo. Hesabu yao mpya ilikuwa hii: tukisimamisha madarasa ya sekondari, serikali itaona haya isipotuletea walimu. Vijiji vingi vya Kenya vilipiga hesabu hiyohiyo.

Mimi nilifaulu mtihani wa darasa la saba. Kaka yangu hakufaulu, na wenziwe wengi vilevile. Mwaka 1966 Baraza la Kikristo la Kenya lilitoa ripoti kuhusu watoto wa namna yake. Hata jina la ripoti hiyo lilikuwa swali: baada ya shule, nini? Jibu lao lilikuwa vyuo vya ufundi vijijini, vya gharama ndogo, ambako kijana angejifunza kazi ambayo majirani zake wangeweza kuilipia, asilazimike kukimbilia mjini au kukata katani.

Chetu kilianza 1971 katika banda nyuma ya kanisa. Randa mbili, msumeno mmoja, patasi za kuazima, na mzee aliyewahi kuwa fundi wa reli. Wasichana walipewa cherehani moja, wakaketi foleni. Watu walikiita chuo cha waliofeli, tena mbele ya vijana wenyewe.

Katika daftari la Baba, sekondari ina kurasa thelathini na moja. Banda lina nusu ukurasa. Nilimuuliza sababu alipokuwa mzee, akanijibu bila kuficha: “Mwanangu, watu hawamchangii aliyeanguka. Wanamchangia atakayewainua.”

Nilikasirika, ila sikuweza kumbishia sana. Wenye ripoti waliona mbali, lakini mwanzoni hawakuona haja ya cheti, na mzazi aliyeuza mbuzi alitaka karatasi ya kutundika ukutani. Baadaye vijana walianza kufanya majaribio ya ufundi ya serikali, nayo serikali ikaanza kutoa ruzuku. Kufikia hapo kaka yangu alikuwa ameshaondoka bandani, ana karakana yake chini ya mwembe.

Zabuni yake ya kwanza kubwa ilitoka kwa kamati ya Baba: madawati ishirini ya sekondari, kidato changu. Nilikalia moja miaka miwili. Miguu yake haikuyumba hata siku moja. Daftari linaonyesha alilipwa nusu. Chini yake, kwa mwandiko wa Baba uliolala upande wa kulia, pameandikwa: “Salio, tazama ukurasa unaofuata.”

Ukurasa unaofuata ni orodha ya waliochangia mabati ya nyumba ya mwalimu mkuu.