Kambi ya Nani?

Mackinnon Road ni mji ambao jina lake halitaji mji. Lataja barabara, ile iliyoanza kukatwa kutoka Mombasa kwenda bara mwaka 1890 na kampuni ya William Mackinnon. Reli ikafuata, stesheni ikajengwa, maduka yakaota pembeni, na leo ni wadi ya Kinango, kaunti ya Kwale, katika nyika ya Waduruma. Tanzania wangepaita "mji mdogo", maana huko hicho ni cheo rasmi. Sisi twasema "senta" na mambo yamekwisha.

Abiria wa Nairobi hupajua kwa msikiti wa Sayyid Baghali Shah, msimamizi wa vibarua wa reli kutoka Punjab, ambaye husimuliwa kwamba karai la kokoto lilielea juu ya kichwa chake bila kumgusa. Mimi neno linalonikera hapo si karai. Ni kambi.

Mwaka 1947 Waingereza walikuwa wakiondoka India, na hali yao Misri haikuwa ya kutegemewa. Wakaamua kujenga Mackinnon Road bohari kubwa ya jeshi, pamoja na nyumba za askari na kiwanja cha ndege, katikati ya ukame ule. Baada ya miaka michache tu mpango ukaachwa. Kisha tarehe 24 Aprili 1954 Nairobi ikazingirwa katika Operesheni Anvil, msako wa serikali ya kikoloni wakati wa Hali ya Hatari, na maelfu ya Wakikuyu, Waembu na Wameru wakakamatwa. Wengi walipakiwa kwenye magari-moshi wakateremshwa Manyani na Mackinnon Road. Mahali palipotengenezewa askari pakafungiwa watu ambao hakuna mahakama iliyowahukumu.

Jina halikuhitaji kubadilishwa. Palikuwa kambi, pakabaki kambi. Kilichobadilika ni kile kinachokuja baada ya "ya". Na katika mazungumzo hiyo "ya" huanguka upesi. "Yuko kambini," angeweza kusema mke wa askari, na mke wa aliyekamatwa angejibu kwa neno lilo hilo. Tumelitwisha mengi neno hili: timu ya mpira huingia kambini, wakimbizi wana kambi, hata bungeni kuna kambi ya upinzani ambako hakuna hema wala mlinzi. Kwa wale wa 1954 naona "kizuizini" ni neno la haki zaidi. Ukilisikia tu utauliza ni nani aliyezuia. Kambi haikuulizishi kitu.

Ajabu ni kwamba pwani hii haikuwa na uhaba wa maneno. Wavuvi wa Pemba wanaovuka kuja Vanga, Shimoni na Gazi msimu ukifika huenda dago: hulala ufuoni, huvua, hukausha samaki, kisha hurudi kwao. Hilo nalo ni kambi, lakini hakuna mvuvi atakayechanganya dago na mahali penye seng'enge. Mbaruk bin Rashid wa Gazi, alipowakatalia Waingereza, alijikinga Mwele, juu ya milima ya Shimba, hadi Admirali Rawson alipoivunja ngome hiyo Agosti 1895. Napo hapakuitwa kambi. Na kwa Wamijikenda kuna ngambi, baraza la wazee wa kaya, lenye sauti iliyo jirani kabisa na kambi yetu na kazi iliyo mbali nayo, maana wanaokaa hapo ndio wanaoamua.

Kamusi hutuambia kambi ni mahali pa kukaa kwa muda. Muda wa nani, haisemi. Wa dago hupangwa na mvuvi na upepo, wa askari na mkubwa wake. Aliyezuiliwa chini ya Hali ya Hatari hakupewa tarehe ya kutoka. Ningekuwa mhariri wa kamusi ningezitenga maana hizo kwa nambari, na kwenye ile ya wafungwa ningeandika mfano mmoja: Mackinnon Road, 1954.