Michoro ya Kale ya Zana za Kutengenezea Sigaa

Michoro ya kale ya zana za kutengenezea sigaa, yaani msokoto mnene wa majani ya tumbaku usiotiwa karatasi, ni tawi dogo la picha za uvumbuzi wa viwandani zilizochapishwa Ulaya na Marekani katika karne ya 18 na ya 19. Kielelezo chake kikuu ni Encyclopédie, kamusi elezo ya Kifaransa ya Diderot na d'Alembert, ambayo juzuu zake 11 za picha, zilizotolewa kati ya 1762 na 1772, zilionyesha karakana za ufundi mbalimbali, ya tumbaku ikiwamo: aghalabu juu huonekana mafundi wakiwa kazini, na chini zana moja moja.

Nchini Marekani sheria ya 1836 ya hataza, yaani hati ya serikali inayomlinda mvumbuzi, ilidai mchoro pamoja na mfano mdogo wa chombo. Sehemu zilitiwa herufi ili maelezo yazitaje, na zilizofichika zikachorwa kwa mistari ya nukta. Jarida la Scientific American, lililoanzishwa 1845, liliufikishia umma picha za namna hiyo. Kwa kuwa wamiliki wake waliendesha pia wakala wa hataza, wavumbuzi wengi waliosifiwa humo walikuwa wateja wao, jambo ambalo msomaji wa leo hana budi kulizingatia. Picha za jarida hilo zilichongwa kwenye mti mgumu uliokatwa kukingama na nyuzi zake, hivyo ziliweza kupigwa chapa pamoja na maandishi katika ukurasa mmoja, tofauti na bamba la shaba lililohitaji mashine yake.

Chombo chenye maana kubwa kuliko vyote katika michoro hiyo ni kalibu: vipande viwili vya mbao vyenye vijishimo vya umbo la sigaa, ambamo majani ya ndani, yakiwa yamefungwa kwa jani la pili, hubanwa kwa shinikizo la parafujo kabla ya kuvikwa jani laini la nje. Awali umbo hilo lilitegemea vidole vya fundi na chaveta, kisu kipana chenye makali yaliyopinda. Kalibu ilipoenea Marekani kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1860, waajiri waliweza kuchukua watu wasio na ujuzi, wengi wao wanawake waliolipwa ujira mdogo, na mafundi wakaipinga vikali kupitia chama chao. Ugomvi huo haumo katika mchoro wa hataza, ambao huonyesha mbao, parafujo na herufi, bila mtumiaji.