Gari la Kwanza la Polisi Lilikuwa la Umeme

Leo naweka kando mambo ya programu tuongee magari.

Wengi hudhani gari la polisi la umeme ni wazo la juzi. Si hivyo jamani. Lile linalotajwa kuwa la kwanza kabisa la polisi lisilokokotwa na farasi lilianza kazi mwaka 1899 mjini Akron, jimbo la Ohio, Marekani, na lilitumia betri. Mwaka huo huo reli ya Uganda ndiyo kwanza ilikuwa inafika Nairobi. Fundi wake, Frank Loomis, aliunda mariamu la kwenda kama kilomita 26 kwa saa na kumaliza chaji baada ya kama kilomita 48. Kwa vipimo vyetu, kutoka Nakuru huenda lingefika Gilgil. Naivasha sahau.

Inasemekana abiria wake wa kwanza alikuwa mlevi. Agosti 1900 umati uliotaka kumuua mahabusu mmoja Mweusi ulichoma jumba la jiji, na gari lile likaishia kwenye mfereji.

Lakini magari ya umeme hayakuuawa na ghasia. Mwaka 1901 mafuta yalifumuka Spindletop, Texas. Mwaka 1908 Ford akatoa Model T, gari la bei nafuu. Mwaka 1912 Cadillac ikaleta staata ya umeme, ukaisha usumbufu wa kuwasha injini kwa kuzungusha chuma. (Ndiyo, mota ya umeme ilisaidia kulizika gari la umeme!)

Huku kwetu polisi walizoea Land Rover, kisha Land Cruiser za dizeli. Mwaka 2013 serikali ilianza kukodisha magari badala ya kununua. Hilo lilisaidia, lakini halikufuta jibu ambalo Wakenya wengi wamelipata wakipiga ripoti usiku: gari lipo, mafuta hayapo. Mtu anavunjiwa mlango, na kinachoamua kama atasaidiwa ni geji ya tangi.

Umeme tunao. Olkaria iko kaunti yetu hii ya Nakuru, mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukawashwa 1981, na mvuke wa ardhini haulali. Mwaka 2023 iliwekwa bei maalum ya kuchaji magari, shilingi 16 kwa uniti kabla ya kodi, na 8 tu usiku wa manane. Shida ni kwamba saa hizo za bei nafuu ndizo polisi anazohitaji gari barabarani.

Mwaka 2019 polisi wa Fremont, California, wakiwa wanamfukuza mshukiwa, waliripoti kwamba Tesla yao ilikaribia kuishiwa chaji. Haikuwa imechajiwa kikamilifu kabla ya zamu. Kwangu mimi mwandishi wa programu, hilo ni tatizo la ratiba kuliko la betri.

Hapa Milimani doria ni mwendo wa pole, kusimama, injini ikinguruma bure. Kazi hiyo mota ya umeme inaiweza vizuri, maana gari likisimama mota haili kitu. Ningeanza na magari ya mchana: doria za mitaa na kupeleka mahabusu kortini, kisha yachajiwe usiku. Ya Molo na Kuresoi, matope yakishaanza, niachieni dizeli kwanza.