Kufunga upya nyaya za spika katika gari la zamani

NZEGA, mkoani Tabora, ni njia panda ya barabara za Singida, Tabora na Shinyanga, ambako redio humchangamsha dereva safarini. Katika baadhi ya magari ya zamani, waya hasi wa spika ulifungwa kwenye bodi ya gari. Redio nyingi za sasa haziruhusu hivyo. Kila spika huhitaji nyaya zake mbili, la sivyo redio yaweza kuungua.

Kwanza, waya hasi wa betri ya gari hufunguliwa. Nyaya za spika hujaribiwa kwa betri ndogo ya volti 1.5: utando ukisogea nje, waya ulioguswa na upande chanya ndio chanya. Spika moja ikifungwa kinyume, mdundo mzito hufifia. Mlangoni, nyaya zipitishwe ndani ya mpira zisikatwe na bati.